Swali la Jioni kwenye Reli ya Mombo

Mpaka leo mtu akiniuliza "Nani?" kwa ghafla, natazama chini kabla sijajibu. Nyumbani kwangu swali hilo halina nafasi. Chungu kikivunjika kimevunjika. Tunaokota vigae, tunatafuta kingine. Marehemu mke wangu alikuwa akinilaumu kwamba nawadekeza watoto, nami nilimwacha aseme. Sikuwa nawadekeza. Niliogopa tu, na woga huo niliupata kazini, miaka ile Wadachi, yaani Wajerumani, walipokuwa wakiitoa reli Korogwe kuipeleka Mombo.

Mimi ni Mzigua wa Handeni, nchi ya jua na miiba, ambako mvua ikikosa mwaka mmoja watu hukonda, na ikikosa miwili hukumbuka jamaa zao wa mbali. Mwaka ule jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alitakiwa atoe watu wa kazi, na mimi nikawa mmoja wa waliotolewa. Nilikuwa nimeoa, nina ndevu, nina maneno mengi. Tulitembea hadi Korogwe, tukavuka mto, tukapangwa katika magenge. Genge letu lilikuwa la watu kumi na wanne: Wazigua watano, Washambaa sita walioteremka milimani, na Wanyamwezi watatu waliozoea kazi za mbali kuliko sisi sote.

Kazi yetu ilikuwa kubeba vyuma vya reli. Chuma kimoja kilitaka watu kumi na wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mtu na ngata ya majani begani. Mkiinua pamoja ni mzigo tu. Mmoja akiachia bila kusema, mwenzake anavunjika mguu. Kwa hiyo ilikuwapo sauti moja ya kuinua na sauti moja ya kutua, na mwenye sauti hiyo alikuwa mnyapara. Kila asubuhi tulipimiwa ngwe yetu, yaani kipande cha njia cha kumaliza kabla jua halijazama.

Ngwe isipokwisha, msimamizi alikuja. Alikuwa Mdachi mrefu, shingo nyekundu, na Kiswahili alikijua cha kuamrisha. Alisimama mbele ya genge, mikono nyuma, akamwuliza mnyapara neno moja: "Nani?" Maana yake, nani mvivu, nani katuchelewesha. Mnyapara alitakiwa anyooshe kidole. Aliyenyooshewa alilazwa kifudifudi chini, na askari akafanya kazi yake kwa kiboko. Mnyapara asiponyoosha kidole, alilazwa yeye. Mimi nilikuwa naanza kuogopa tangu adhuhuri. Jua likishapita utosini tu, ugali wangu nilimpa mwenzangu.

Mnyapara wetu wa kwanza alikuwa mzee wa Kizigua aliyewahi kuongoza misafara ya wapagazi kwenda bara na kurudi, mpaka nyayo zake zikawa ngumu kama kwato. Hakuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa mchoyo wa ugoro, alikoroma, na ukimkosea leo alikukumbusha mwezi ujao. Lakini ulimi wake kazini ulikuwa wa namna yake. Asubuhi alisimama mbele yetu akauliza, "Tumeamkaje?" Koleo likipotea alisema, "Koleo letu limepotea," na hali sote tulijua ni nani aliyelisahau majanini, na huyo aliyelisahau ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia kulitafuta. Mtu akiwa na homa, mzee alitangaza, "Leo bega letu moja linauma," basi, watu wakasogeleana, chuma kikainuka.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anatuhesabia wote koleo ambalo sikulipoteza mimi.

"Lilipopotea wewe ulikuwa wapi?" akauliza.

"Nilikuwapo, mzee."

"Basi limetupotea. Na mbona umesimama?"

Jioni msimamizi alipomwuliza lile swali lake, mzee alijibu, "Ngwe imetushinda, bwana." Akiulizwa tena alijibu vilevile, bila kiburi wala machozi. Akalazwa. Si kila siku, maana msimamizi naye alichoka na wakati mwingine alimpungia mkono aondoke, lakini mara nyingi alilazwa. Wenzangu walimsifu. Mimi siku moja nilimwona akioga mtoni. Sikuona ushujaa wowote pale, niliona mgongo. Nikarudi kambini nikiomba Mungu asinipe cheo maishani mwangu.

Mungu ana mambo yake. Mzee alishikwa na homa kali, wakamrudisha Handeni kwenye machela, Mzigua mwingine akaletwa kujaza idadi yetu, na mimi nikateuliwa mahali pake kwa kuwa nilijua kuhesabu, nilisoma chuo cha Kurani mpaka juzuu kadhaa, na sauti yangu ilifika mbali. Mwenye sauti nzuri apewe kazi ya kuimba, si ya kuongoza watu. Hakuna aliyemwambia Mdachi hivyo. Siku ya kwanza niliposema "Tumeamkaje?" sauti ilinitoka ndogo, na wa nyuma wakauliza nimesema nini.

Hata hivyo mwanzo ulikuwa mwema. Ardhi ilikuwa kavu, ngwe zilikwisha mapema, na lile swali halikuulizwa. Niliazima maneno ya mzee yote, nikaongeza langu moja ambalo yeye hakulitumia sana, nalo ni utani. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wako anaweza kukutukana mpaka mababu, akakuchukulia kuku wako mchana kweupe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa. Kati ya wale Wanyamwezi watatu, mmoja alikuwa mrefu sana, mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa, naye alibeba nyuma yangu. Mimi ni mfupi. Chuma kikikaa begani kwake, kwangu kilikuwa kinapita juu.

"Jamani," alikuwa akipiga kelele, "huyu Mzigua amebeba hewa! Mpeni na maji ya kunywa, amechoka kubeba upepo!"

"Nyamaza, mtumwa wangu," namjibu. "Nilikununua uniwekee kivuli, sikukununua useme."

"Uninunue kwa kitu gani? Babu yako mwenyewe alijiuza Pangani kwa pishi ya mtama!"

Hayo ya njaa na kujiuza yalikuwa kweli kwetu, na kutoka kinywani mwa mtu mwingine yangemwaga damu. Kwa mtani tulicheka mpaka tukaambiana tusicheke, chuma kisije kikaanguka. Washambaa nao, waliokuwa wakinong'ona kilugha chao peke yao, walianza kuamua nani katukanwa vizuri zaidi. Genge lilishikamana. Nasema hivyo nikijua ninachosema, kwa sababu baadaye niliona likiachana.

Mvua zikaja. Tuta la udongo likawa uji, chuma kikateleza mikononi, na huko mbele Mombo ilitakiwa ifikiwe upesi. Msimamizi alikuwa akipita juu ya kiberenge, kigari cha relini, akisukumwa na watu wanne, akitazama saa. Siku ya tatu ya mvua nilijua tangu asubuhi kwamba ngwe haitakwisha. Nilijua kama unavyojua jino litauma. Nikawa nageuka nyuma kila mara kuangalia kama kiberenge kinakuja.

Mtani wangu alikuwa na homa siku ile. Alinong'ona asubuhi, nami nikatangaza kama kawaida kwamba bega letu moja linauma, tukamweka nyuma kabisa. Karibu na saa sita aliteleza. Hakuachia, alipiga kelele kwanza, tukatua wote salama, lakini chuma kiliingia topeni na tukapoteza muda mrefu kukitoa. Watu wakatazamana. Niliona woga ukipita kutoka uso mmoja hadi mwingine, na woga wangu mimi hutokea mdomoni.

"Si nimewaambia?" nikasema kwa sauti yangu ile inayofika mbali. "Huyu mtumwa wangu ni mvivu tangu tumboni mwa mama yake! Ndiye anayetuchelewesha kufika Mombo!"

Naye huku anatetemeka na homa akajibu, "Ngoja nikuuze tena, Mzigua. Safari hii kwa kibaba tu, maana umekonda."

Genge zima likacheka. Chuma kikatoka topeni. Nilijiona kiongozi hasa. Kisha nikageuka, na kiberenge kilikuwa kimesimama nyuma yetu, msimamizi amekaa juu yake chini ya mwavuli, hacheki.

Jioni tulipangwa mstari. Hakuniuliza "Nani?" Alimnyooshea kidole mtani wangu moja kwa moja.

"Huyu. Wewe umesema mwenyewe. Mvivu. Anachelewesha."

"Bwana," nikasema, "ule ulikuwa utani."

"Utani nini?"

"Ni desturi yetu, bwana. Tunatukanana tu. Si mvivu huyu, ana homa."

Alinitazama, akamtazama mtani wangu. Nadhani alielewa. Watu husema hakuelewa kwa kuwa Mzungu hajui utani, na mimi mwenyewe kwa miaka nilijificha humo. Lakini alielewa vya kutosha, kwa kuwa aliuliza swali la haki kabisa.

"Basi kama si huyu, nani?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa maneno ya mzee. Niliyajua. Yalikuwa matatu tu. Niliyafungulia mdomo, nikaona kiboko mkononi mwa askari, ncha yake ikigusa tope, nikaukumbuka ule mgongo mtoni, na ulimi ukakaa kama jiwe. Mtani wangu alikuwa ametabasamu kidogo. Hakuwa na wasiwasi. Alidhani mambo yale ni ya kumalizwa kwa mdomo, na mdomo mkubwa zaidi wa genge ulikuwa wangu.

"Mwambie basi, Mzigua," akasema.

Nikatazama chini.

Askari alihesabu kwa sauti, na hesabu ilikuwa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mimi niliyeteuliwa kwa kujua kuhesabu nilipotea njiani, nikawa nasikia tu. Hakulia. Mara moja tu aliita mama yake kwa lugha ya kwao. Nilipoinua macho, Washambaa walikuwa wameacha kumtazama yeye, wananitazama mimi.

Alilala siku tatu, homa juu ya majeraha, nami nikaogopa atakufa. Nilimpelekea uji asubuhi na jioni. Siku ya kwanza hakufumbua macho. Siku ya pili alifumbua, akajiinua kwa shida akakaa, akapokea kata kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mnyapara," akasema.

Mtu wa umri wa kaka yangu mkubwa. Mtani wangu. Sikuweza kusema marahaba. Niliweka kibuyu cha uji chini nikatoka.

Kazi iliendelea, lakini genge halikuwapo tena. Walikuwapo watu kumi na wanne. Asubuhi niliuliza "Tumeamkaje?" wakajibu mmoja mmoja, kila mtu na lake: mimi nimeamka salama, mimi sijambo. Kisha wakaanza kunijia pembeni. Mmoja aliniambia kwamba fulani alikaa kivulini nilipoinama. Fulani akaja kuniambia kwamba yule wa kwanza habebi, anashikilia tu. Hata Wazigua wenzangu, watu tuliotoka nao njia moja, waliniletea majina. Kila mmoja alitaka jioni niwe na jina jingine mdomoni, lisiwe lake. Sikuwaomba, wala sikuwakemea. Na wallahi, siku mbili niliyatumia. Nilinyoosha kidole mara mbili, kwa watu wawili ambao sitasema ni akina nani, na usiku nililala bila kugeuka. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka sasa, kwamba nililala.

Mtani wangu alirudi kazini, akawekwa mbele yangu safari hii. Chuma kilikuwa kizito ajabu. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyecheka, nikasikia pumzi za watu tu na tope likinyonya miguu.

Siku ya nne baada ya kurudi kwake, Mshambaa mmoja, mtu mpole aliyeoa mwaka ule, aliamka bega limevimba. Hakusema. Zamani angesema, nami ningetangaza, tungesogea. Sasa kusema bega linauma kulikuwa kujiweka jina mwenyewe. Akabeba. Katikati ya tuta bega likakataa, akaachia bila kupiga kelele, kwa kuwa hata kupiga kelele aliogopa. Uzito wote ukaja kwetu mara moja. Chuma kilipita karibu na kichwa cha mtani wangu, kikamgusa sikio, kikaangukia mguu wa Mshambaa mwenyewe. Nilisikia mfupa. Na yule maskini, amelala topeni, mguu umepondeka, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Si mimi! Si mimi, mnyapara!"

Sikuwahi kusikia maneno ya kutisha kuliko hayo. Mimi ndiye niliyeyafundisha, bila kumfundisha mtu.

Jioni tulipangwa mstari, kumi na watatu. Msimamizi akasimama, mikono nyuma.

"Nani?"

Ningependa kusema nilijibu kwa sauti. Nilijibu kwa sauti ya mbuzi. "Ngwe imetushinda, bwana."

"Nani?"

"Imetushinda."

Haja ndogo ilinitoka pale pale, ikashuka mguuni, na wote waliona. Sikuwa nimepata ujasiri wowote. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa kitu kingine zaidi ya kiboko, na mtu akiwa na hofu mbili hukimbia ile kubwa. Nikalala chini mwenyewe. Nililia tangu kiboko cha kwanza mpaka cha mwisho, nikawaita wazee wangu wote, hata yule babu aliyetukanwa katika utani.

Kesho yake asubuhi sikuweza kusimama wima. Walijipanga bila mimi kuwaita. Nilipokuwa natafuta pumzi ya kusema neno lile, yule Mshambaa aliyevunjika mguu, aliyekuwa amelazwa mlangoni mwa kibanda akisubiri kupelekwa kwao, akauliza kwa sauti yake ndogo, "Tumeamkaje?" Wakajibu wote kwa pamoja. Tangu siku ile hakuna jina lililotoka mdomoni mwangu mpaka reli ikafika Mombo. Nililazwa mara nyingine, na mara nyingine msimamizi alichoka akanipungia mkono. Sikuzoea. Kila jioni niliogopa upya, na maneno nikayasema hivyo hivyo. Baadaye nilisimamia watu wengi, wa kujenga na wa kulima, na watu wananisifu kwamba najua kuwaweka pamoja. Wanadhani ni hekima.

Lakini jioni ile ya kwanza niliyopigwa, waliniingiza kibandani, na aliyekuja na maji ya moto na majani ya kuniosha alikuwa mtani wangu. Aliinama ndani ya kile kibanda kifupi kwa urefu wake ule, akachovya kitambaa, akaanza kunisafisha mgongo taratibu. Aliijua kazi ile. Alijua pa kugusa na pa kuruka. Sikio lake lilikuwa na damu iliyokauka. Wengine walikuwa mlangoni. Nikasema moyoni, sasa basi, yamekwisha, tumepigwa wote wawili, tuko sawa. Nikakusanya sauti iliyobaki.

"Hata kuosha mgongo hujui, mtumwa wee," nikasema. "Polepole."

Nikangoja. Nilimngoja anitajie mkojo wangu, babu yangu, pishi ya mtama, chochote. Mlangoni watu wote nao walikuwa wanangoja.

"Samahani, mnyapara," akasema, akapunguza nguvu za mkono.